Honi ya Robo ya Tatu

Uwanjani walimwita Bi Penseli, na wengi wao hawakujua hata jina alilopewa na wazazi wake. Siku za kazi alikuwa karani katika ofisi ya maji, dirisha la pili kutoka mlangoni, akipokea karatasi za wasoma mita na kuziingiza kwenye kompyuta. Jumamosi na Jumapili alikaa kwenye meza ndefu kando ya kiwanja cha mpira wa kikapu, ndani ya ukumbi ambao bati lake hulialia joto likizidi, akichukua takwimu za ligi ya wachezaji wa kulipwa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, miwani yenye uzi shingoni, na penseli tatu zilizochongwa pande zote mbili.

Kazi yenyewe iligawanywa hivi. Bi Penseli alitazama na kutamka, Mwalimu akabonyeza. Huyo Mwalimu alifundisha hesabu katika shule ya sekondari na vidole vyake vilikimbia kwenye kompyuta kama sindano ya cherehani. "Kumi na nne, ribaundi ya ulinzi," Bi Penseli angesema bila kuondoa macho kiwanjani, mchezaji wa namba hiyo akiwa amedaka mpira uliokosa kikapu. "Saba, pasi. Tano, pointi mbili, pasi ya saba." Upande wa kulia alikaa mzee mstaafu aliyetunza saa ya mchezo na kitufe cha honi. Huyo walimbandika jina la Saa Mbovu, kwa mzaha tu, kwa kuwa katika miaka kumi na minane hakuwahi kukosea hata sekunde moja.

Mbali na kompyuta, Bi Penseli alikuwa na daftari lake mwenyewe ambalo hakuna aliyemwomba aliweke. Kila mchezo alichora kiwanja, akatia nukta pale kila mtupo ulipoanzia, na pembeni ya nukta akaweka alama ndogo ya namna ulivyokosa: mfupi, mrefu, kushoto, kulia. Mume wake, fundi viatu, alikuwa akimtania kwamba ameoa mwanamke anayehesabu hata usingizini.

Lile daftari ndilo lililomtia wasiwasi.

Ilikuwa Jumapili, timu ya nyumbani imeshinda, watu wanashangilia, wachezaji wanapigana vikumbo vya furaha. Mwalimu alichapa karatasi ya takwimu na kuwagawia makocha na waandishi. Kwenye mstari wa mchezaji namba kumi na nne kuliandikwa pointi kumi na nne, ribaundi nane. Namba nzuri. Waandishi wawili walimzunguka kijana huyo wakamwuliza siri yake.

Walimwita Korongo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba, mrefu kiasi kwamba akipita mlangoni huinamisha kichwa kwa mazoea hata kama mlango una nafasi. Alicheza senta, chini ya kikapu, na alikuwa mpole kuliko ukubwa wake. Kila alipopita mbele ya meza alisema, "Shikamoo mama," hata katikati ya mchezo, hata jasho likimtiririka.

Bi Penseli hakuitazama ile jumla. Aliangalia ilivyogawanyika. Robo ya kwanza, pointi tisa na ribaundi sita. Ya pili, tatu na mbili. Ya tatu, pointi mbili, ribaundi sifuri. Ya nne hakuingia kabisa. Aliomba mwenyewe kutoka. Akafungua daftari. Mitupo saba aliyokosa tangu robo ya pili, yote saba ilikuwa mifupi. Akarudi nyuma mchezo mmoja. Mifupi. Akarudi mwingine, na mwingine. Mwanzoni mwa msimu Korongo alikosa kama watu wote wanavyokosa, huku na kule. Kuanzia mwezi uliopita mipira yake ilikuwa inagonga ukingo wa mbele wa pete, kama mtu anayerusha kitu kuvuka mto na mto unazidi kupanuka.

"Kachoka tu," alisema Mwalimu akifunga kompyuta. "Ratiba imebana, hata mimi nimechoka, na mimi nimekaa."

"Mtu mwenye miaka ishirini na mitatu anachoka dakika ya kumi na moja?"

"Labda kala vibaya."

"Michezo mitano mfululizo?"

Mwalimu aliinua mabega. Bi Penseli naye akacheka kidogo ili yaishe, lakini alipokuwa akikusanya penseli zake aliliacha daftari wazi kwenye ukurasa ule.

Alikuwa ameshawahi kuziona namba za namna hiyo. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, kaka yake alikuwa mkimbiaji, na yeye alikuwa akimpimia muda kwa saa ya mkononi ya baba yao, akiandika kila mzunguko kwenye karatasi. Siku moja kaka alizunguka kwa sekunde sabini na mbili, kisha themanini, kisha tisini na moja. Akampigia kelele, "Umezeeka, kaka! Hata bibi atakupita!" Naye kaka akacheka, akainua mkono, akakaa kwenye majani kana kwamba amekumbuka jambo. Hakuinuka tena. Kwa miaka thelathini na mitatu Bi Penseli alikuwa hajamsimulia mtu yeyote kwamba neno la mwisho alilomwambia lilikuwa dhihaka. Hata mume wake alijua tu kwamba kaka alifariki ghafla.

Jumanne aliomba ruhusa ofisini, akaenda mazoezini. Kocha alikuwa amesimama katikati ya kiwanja na filimbi mdomoni. Bi Penseli alimfungulia daftari, akamwonyesha nukta moja baada ya nyingine. Kocha alisikiliza kwa adabu ya mtu ambaye ameshaamua.

"Bi Penseli," alisema, "wewe namba nakuheshimu, hakuna kama wewe. Lakini miguu ya vijana niachie mimi. Walipimwa wote msimu ulipoanza. Presha, uzito, kila kitu."

"Moyo je?"

Kocha alitoa filimbi mdomoni. "Nani kazungumzia moyo?"

"Mimi nauliza tu."

"Jumamosi tuna nusu fainali. Kuna wageni wanakuja kumtazama huyu huyu kijana wampeleke kucheza nje. Sasa wewe unataka niende kwa viongozi niwaambie senta wangu nimemweka benchi kwa sababu ya penseli?" Alipoona uso wa yule mama umebadilika, akalegeza sauti. "Nitamwangalia. Nakuahidi."

Hakukuwa na ubaya ndani ya kocha. Alikuwa tu na Jumamosi mbele yake, na Jumamosi hiyo ilikuwa imemziba macho.

Bi Penseli alimsubiri Korongo nje, kwenye ngazi za mlango wa nyuma, mahali wachezaji wanapokaa kufungua viatu. Kijana alitoka, akainamisha kichwa, akaamkia, akakaa ngazi moja chini yake ili wasizidiane sana urefu.

"Mwanangu, unajisikiaje?"

"Salama kabisa, mama."

"Usinijibu kama unavyowajibu waandishi."

Korongo akacheka. Kisha akawa anavuta kamba ya kiatu bila kuifungua. Bi Penseli akamfungulia daftari magotini. Korongo alikuwa mtu wa kwanza kuzielewa zile alama bila kuelezwa. Alipitisha kidole juu ya nukta zake taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa ulipofunguka alizidi kuwa mdogo.

"Ni kama mtu anazima taa halafu anaiwasha," alisema hatimaye. "Sekunde moja tu. Nikisimama, inapita. Kifua kinakuwa kama kuna ndege humo ndani."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

Bi Penseli alishika mkoba wake. "Twende hospitali leo. Mimi na wewe, sasa hivi, nina ruhusa mpaka saa nane."

"Wiki ijayo, mama. Nakuapia. Jumapili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, unipeleke unapotaka. Ila Jumamosi niache." Aliugusa ukingo wa daftari kwa vidole viwili, kama mtu anayegusa jeraha la mwenzake. "Wageni wale wanaangalia karatasi zako kabla hawajaniangalia mimi. Usiwaonyeshe hizi. Nihurumie, mama. Usimwambie mama yangu."

Akaondoka na viatu mkononi. Bi Penseli akabaki pale kwenye ngazi na siri ambayo hakuiomba, na kuanzia saa ile hofu ikamwingia kama maji yanavyoingia chini ya mlango, bila kishindo, mpaka unajikuta miguu imelowa.

Jumatano ofisini aliingiza mita ya hospitali kwenye jina la kinyozi, na kinyozi akaja dirishani akitoa macho. Alhamisi asubuhi mume wake alionja chai, akaitazama, akaionja tena.

"Mke wangu, umetia chumvi."

"Haiwezekani."

"Basi sukari yetu imebadili dini."

Hapo Bi Penseli alishindwa kujizuia. Alilia juu ya meza ya chai, saa moja asubuhi, sare ya kazini ikiwa imepigwa pasi, na akayatoa yote: Korongo, daftari, sekunde tisini na moja, bibi atakupita. Mume wake hakumkatiza. Alipomaliza alimfuta uso kwa kitambaa chake cha kazi kinachonuka gundi, akasema, "Nenda kwa mama yake. Siri ya mtoto mgonjwa si siri."

Mama Korongo alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumbani mwake, dirisha likiwa wazi, vitambaa vimetundikwa hadi kwenye fremu ya mlango. Bi Penseli alimkuta anaongeza urefu wa suruali, akiunganisha kipande cha pili chini ya goti kwa ustadi ambao usingeujua hadi uguse.

"Karibu, dada. Ya mwanangu hiyo," alisema kwa fahari. "Madukani hawashoni za watu kama yeye. Anasafiri, unajua? Wageni wanakuja Jumamosi."

Bi Penseli alipiga moyo konde, akaanza. Alijitahidi kusema polepole, lakini maneno yalitoka yakigongana. Alipofika kwenye kifua na ndege, cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Alikwambia wewe?" aliuliza Mama Korongo.

"Nilimbana. Hakutaka."

"Alikwambia wewe, mimi mama yake asiniambie." Alisimama. Alikuwa mrefu, sasa ndipo Bi Penseli alipoona kijana alikorithi. "Na umekuja nyumbani kwangu, siku mbili kabla ya siku yake, kunitajia kifo."

"Sikutaja kifo, dada."

"Umekileta mlangoni! Umekileta na daftari!" Aliivuta suruali kutoka kwenye cherehani. "Baba yake aliinuka asubuhi akaenda kuoga, hakurudi. Unafikiri mimi silali nikiwaza? Nenda, dada. Nakuomba uende kabla sijakuvunjia heshima."

Bi Penseli alitoka. Barabarani alisimama chini ya jua akishika ukuta. Baba yake. Alikwenda kuoga, hakurudi. Sasa hakuwa tena na wasiwasi wa mtu anayekisia. Aliogopa kama mtu anayejua.

Ijumaa, badala ya kula chakula cha mchana, alikwenda ukumbini kumtafuta msimamizi.

"Ile mashine ya kushtua moyo, tuliyopewa mwaka juzi, iko wapi?"

"Ipo," alisema msimamizi. "Imefungiwa kabatini ofisini kwa meneja, isiibiwe."

"Ufunguo?"

"Anao meneja."

"Na meneja?"

"Amesafiri mpaka Jumatatu."

Bi Penseli alivuta kiti, akakaa, akaweka mkoba magotini. "Mimi siondoki," alisema. Msimamizi alidhani ni mzaha. Baada ya dakika ishirini alimpigia meneja simu. Baada ya arobaini alikuja fundi makufuli, na kabati likafunguliwa. Boksi lilikuwa jekundu, limejaa vumbi, lakini taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inamemeta. Bi Penseli alisoma maelezo yote, mistari yote, hata yale ya namna ya kulisafisha. Kisha akaliweka chini ya meza ya takwimu, upande wa miguu yake.

"Hili nini?" Saa Mbovu aliuliza siku ya pili yake, alipoligonga kwa kiatu.

"Ni la kwangu leo," alijibu.

Nusu fainali ilianza saa kumi alasiri. Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Wageni, wanaume wawili waliovaa mashati meupe, walikaa safu ya mbele na karatasi za Mwalimu mikononi. Mama Korongo alikuwa safu ya tano. Macho yao yalikutana mara moja tu, na yule mama akageuza uso upande wa pili.

Robo ya kwanza Korongo alicheza kama mtu aliyeazima mwili mpya. Pointi nane, ribaundi tano, alizuia mitupo miwili hadi ubao ukatikisika. Bi Penseli alitamka kila kitu kwa sauti iliyokauka. Kwa dakika chache alijiambia kwamba ni mjinga, na akafurahi sana kuwa mjinga. Robo ya pili, pointi tatu, ribaundi mbili. Wakati wa mapumziko alikwenda mpaka karibu na benchi, na kocha akamwonyesha kiganja kwa mbali: nimemwangalia, yuko sawa.

Robo ya tatu ilipoanza, alianza kuandika kwenye daftari kitu ambacho hakina safu. Korongo kasimama, mikono magotini. Korongo amechelewa kurudi. Mtupo huru wa kwanza, mfupi. Wa pili, mfupi zaidi. Haukugusa hata pete. Ukumbi ukaguna.

"Kumi na nne, kakosa," alisema.

"Nimeweka," alisema Mwalimu.

Zikiwa zimesalia dakika nne na sekunde kumi na mbili, mpira uligonga ubao ukaruka juu, palepale alipokuwa Korongo. Mpira wa namna ile alikuwa akiudaka huku amefumba macho. Safari hii hakuruka. Aliinua mikono tu, kama mtu anayenyoosha nguo kwenye kamba, na mpira ukapita vidoleni mwake.

"Nani kadaka?" Mwalimu aliuliza. "Bi Penseli? Nani kadaka?"

Alikuwa akimtazama kijana aliyeanza kukimbia kuelekea upande wa pili, hatua zikiwa fupi, fupi zaidi.

"Piga honi," alisema.

"Mpira uko hai, bado unachezwa," alisema Saa Mbovu.

"Piga honi, mzee!"

"Siwezi, mama, mpira uko..."

Bi Penseli alijitupa juu ya meza, penseli zikatawanyika, na akakikandamiza kitufe kwa kiganja chote. Honi ililia. Ililia, ikaendelea kulia. Kwa sheria, honi ya meza haiuzuii mpira ulio hai, lakini miguu ya watu haisomi sheria; wachezaji wote kumi walisimama, na mwamuzi akapuliza filimbi akija mbio, uso umemwiva.

"Kuna nini? Nani kapiga?"

"Mimi," alisema Bi Penseli.

Kelele kama zilizofuata hakuwahi kuzisikia maishani. Kocha alikuwa anapiga mateke ubao wa matangazo. Mtu kutoka jukwaani alimtukania ukoo. Wageni wawili waliinuka kutazama. Na katikati ya kiwanja Korongo alikuwa amesimama wima, mzima, mikono kiunoni, akiangalia kwenye meza. Akamtambua aliyepiga. Akatabasamu kwa aibu, tabasamu la mtoto ambaye mama amemfuata shuleni, na akatikisa kichwa.

Zilikuwa sekunde kumi na moja. Saa Mbovu alizihesabu, ndivyo alivyo. Kwa sekunde kumi na moja Bi Penseli alikuwa mwanamke mzima aliyeharibu nusu fainali mbele ya watu elfu mbili bila sababu. Baadaye alikiri kwa mume wake jambo lililomwogopesha kuliko yote: kwamba ndani ya zile sekunde, kwa kitambo kidogo mno, hakuwa akiomba kijana awe mzima. Aliomba asiwe amekosea.

Kisha magoti ya Korongo yakaachia, akaanguka kifudifudi bila kujikinga kwa mikono.

Bi Penseli alikuwa ameshatoka mezani. Hakukumbuka kuinama kulichukua boksi. Alikumbuka sakafu iliyokuwa inateleza kwa jasho, na jezi namba kumi na nne iliyogoma kuchanika mpaka mchua misuli wa timu alipoikata kwa mkasi. Uso wa Korongo ulikuwa na rangi ya majivu, macho yako wazi yakitazama taa za darini. Sauti kutoka kwenye mashine ilianza kutoa maagizo kwa utulivu wa ajabu: bandika hapa, bandika hapa, mtu yeyote asimguse. Mwili mrefu ulishtuka. Hakuna kilichobadilika. Mchua misuli akaanza kukandamiza kifua, akihesabu kwa sauti, na Bi Penseli akajikuta anahesabu naye, ishirini na sita, ishirini na saba, kwa sauti ileile ya kutamka takwimu. Zaidi ya hesabu hiyo, kilichosikika ni viatu vya mwanamke mmoja anayeshuka ngazi za jukwaa, kiatu kimoja kikimvuka, naye hakiokoti.

Mashine ikashtua mara ya pili. Korongo akavuta pumzi iliyokwaruza, kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Alilazwa siku kumi na mbili. Madaktari walisema misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kiasi, ugonjwa wa kurithi, na yule baba aliyekwenda kuoga huenda alikuwa nao. Walimpandikizia kifaa kidogo cha kushtua moyo chini ya ngozi, karibu na bega, wakamwambia atazeeka kama watu wengine ila asikimbie tena. Wageni wenye mashati meupe walituma kadi ya kumtakia afya njema.

Kamati ya ligi ilimwita Bi Penseli. Kusimamisha mchezo wakati mpira uko hai, tena kufanywa na mtu asiye mtunza saa, ni kosa, na kosa lina barua yake. Saa Mbovu alisimama kabla hata hajaulizwa.

"Niliibonyeza mimi," alisema. "Mimi ni Saa Mbovu, ninyi wenyewe ndio mnaniita hivyo. Mlitegemea nini?"

Watu walicheka, hata mwenyekiti. Lakini Bi Penseli alisema, "Ni mimi," akapokea barua yake ya onyo, akaikunja, akaitia mkobani. Kocha alikuwa amekaa mwisho wa meza, ameshika tama. Walipotoka alimfuata kwenye korido. "Nilikuahidi nitamwangalia," alisema. Akaondoka upesi, kabla hajajibiwa.

Zilipita wiki saba. Asubuhi moja foleni ya ofisi ya maji ilikuwa fupi, na mtu aliyefika kwenye dirisha la pili hakuwa na karatasi mkononi. Alikuwa Mama Korongo. Alikuwa amekonda, na macho yamemzama.

"Sijaja kukushukuru," alisema. "Nitakuja siku nyingine kwa hilo. Leo siwezi, kinywa hakifunguki. Nilikufukuza nyumbani kwangu."

"Ningekuwa mimi ningefukuza pia, dada."

"Nimekuja nikuulize. Uliona vipi?" Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Mimi nilikuwa natazama muda wote. Nilikuwa naye nyumba moja, namtilia chakula, namfulia, na sikuona. Sasa amelala, nasimama mlangoni naangalia shuka kama inapanda. Akichelewa chooni nagonga. Amenikasirikia, anasema namwekea ulinzi. Nifundishe, dada. Unaangalia nini?"

Bi Penseli alimwambia mwenzake wa dirisha la tatu amshikie zamu. Wakatoka, wakakaa kwenye benchi la saruji mbele ya ofisi, na akamwonyesha namna ya kushika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima, na kuyaandika, asubuhi na jioni, pamoja na ngazi alizopanda siku hiyo na kama alipumzika njiani. Alimchorea safu kwenye karatasi. Mama Korongo alijaribu kwenye mkono wa Bi Penseli, midomo ikienda, akapata tisini na nane.

"Mbona yanakwenda mbio?" aliuliza kwa hofu.

"Ndivyo yalivyo siku hizi," alisema Bi Penseli. "Kila Jumamosi nikikaa pale mezani, mtu akiinama tu kufunga kiatu, nakuwa hivi."

"Basi hauishi, huu woga?"

"Wangu una miaka thelathini na mitatu."

Magari yalipita. Kisha Mama Korongo akaurudia mkono ule, akauhesabu tena kuanzia moja, taratibu, kuhakikisha.

Korongo mwenyewe hakuongea na Bi Penseli karibu mwaka mzima. Alipata kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, akipanga rafu za juu bila ngazi. Siku walipokutana alikuwa akitoka dukani, naye Bi Penseli akiingia kununua balbu. Aliinamisha kichwa mlangoni, akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ungenyamaza tu, mama, wale wageni wangenichukua."

"Wangekuchukua, ndiyo. Na wangekurudisha kwenye sanduku."

Korongo alimtazama, taya imekaza, na Bi Penseli hakuyakwepa macho yake. Kijana hakucheka wala hakumsamehe. Aliuliza ni balbu ya ukubwa gani anayotaka, akarudi ndani, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu kabisa, akamshushia.